Gari la Mama Linalia Mteremkoni

4 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti hayakusumbui. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Mwalimu anakusalimu. Bado anasahihishia madaftari kwenye meza yangu ya kukatia nguo na kuniachia wino mwekundu kwenye vitambaa vya wateja. Kifungua mimba wetu ameng'oka jino la mwisho la utoto, wa katikati amegoma kula chochote chenye rangi ya kijani, na kitinda mimba anauliza kila siku kama ni kweli Mjomba huweza kunyanyua gari kwa mkono mmoja. Nimemwambia ndiyo. Usiniaibishe.

Nimekupigia simu mara saba tangu mwaka uanze. Inaita mpaka inachoka. Mara moja ulipokea, ukasema, "Sawa sawa, nisalimie wote," ukakata, na mimi nilikuwa bado sijasema neno! Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mwalimu ananicheka, eti siku hizi barua huandikwa na benki na mahakama tu. Nimemjibu kwamba mjomba wangu ana hadhi kuliko hizo zote mbili.

Shida yangu ni gari la marehemu Mama. Linalia. Unajua nyumba yetu iko juu kabisa, na shule ya watoto iko chini pamoja na chumba changu cha kushonea, na katikati kuna ule mteremko wa kona mbili wenye mfereji wa zege pembeni. Kila asubuhi nateremka na watoto watatu kiti cha nyuma. Nikikanyaga breki, gurudumu la mbele linapiga kelele mpaka watu wanageuka. Jirani anasema nibadilishe pedi tu. Mwenye duka la spea anasema pedi na diski zake. Fundi wa mtaani kwetu, ambaye kila mtu anamwita Haraka, anasema nilete gari kwanza, maneno baadaye. Simwamini hata mmoja. Tangu nijue kutembea gari hili limeshikwa na mikono ya mtu mmoja tu, na mtu huyo ni wewe.

Kuna jambo jingine pia, ila leo sitaliandika. Nataka tu nijue kama bado wewe ni mjomba wangu kama zamani. Ukinijibu kuhusu breki nitajua.

Mpwa wako,
Sindano


19 Februari

Sindano,

Marahaba mara saba, moja kwa kila simu. Mimi ni mzima kabisa. Juzi nimebeba mifuko miwili ya saruji kutoka getini hadi nyuma ya nyumba bila kupumzika. Mwambie kitinda mimba, naye aamue mwenyewe kuhusu gari. Kuku wanataga. Mwokaji mikate, jirani yangu, bado ananiwekea mkate dirishani kila Ijumaa ingawa nilimkataza.

Simu yangu ni mbovu. Usijisumbue nayo. Barua ni bora, haikatiki katikati.

Sasa nisikilize. Breki husema, na kila ugonjwa una sauti yake. Ikisema kwiii, nyembamba, ya kukera meno, hicho ni kibati kidogo kilichofungwa kwenye pedi kukuonya kwamba muda unakaribia. Ikisema krrr, nzito, ya chuma kwa chuma, pedi imekwisha na sasa diski ndiyo inayoliwa. Ukisikia du-du-du chini ya mguu na usukani unatetemeka, diski haiko sawa. Ikigonga ka! ka! ukipita kwenye shimo, kuna kitu kimelegea na usiliendeshe hata hatua moja. Niandikie sauti kama ilivyo. Usiitie chumvi, na usiniandikie "inalia" tu. Hata mtoto analia, lakini mama yake anajua kama ni njaa au ni tumbo.

Kisha fanya hivi. Egesha mahali tambarare, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, nyanyua mbele kwa jeki, toa gurudumu. Utaona diski, sahani ya chuma inayong'aa. Chukua ile karatasi nyembamba unayochorea vipimo vya nguo, ilaze juu ya uso wa diski, halafu sugua taratibu kwa ubavu wa penseli, mpaka mistari yote itoke. Nitumie karatasi hiyo. Uso wa diski ukiwa mbele yangu, hata kwa penseli, siwezi kudanganyika.

Hilo jambo jingine usiloliandika, liache lilivyo. Kila mtu ana lake la kutoandika. Na kuhusu kama bado ni mjomba wako, ujomba si kazi ya mkataba, mama. Hauna tarehe ya kumalizika.

Mjomba


3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tuko salama, isipokuwa Mwalimu, ambaye alibana kidole kwenye jeki na sasa anatembea nacho kimefungwa bendeji kubwa, utadhani amerudi vitani. Waliponiona natoa gurudumu na kuanza kulichora gari kwa penseli, majirani walijaa ukutani. Mmoja aliuliza kama nalishonea suti.

Karatasi ya diski iko ndani ya bahasha hii, ya upande wa kushoto, ambako ndiko kunakolia. Sauti ni krrr. Nimeisikiliza siku tatu vioo vikiwa wazi, watoto nimewafunga midomo kwa peremende. Kona ya kwanza inakuwa krrr fupi. Kona ya pili, gari likiwa limeshika kasi, inakuwa krrrrrr mpaka naisikia kwenye fizi. Usukani hautetemeki. Hakuna ka! ka!

Mwenye duka la spea ameniwekea masanduku matatu ya pedi juu ya kaunta. Za kwanza ni laini, hazina kelele, lakini anakiri zinaisha upesi. Za pili zina unga wa chuma ndani, zinashika vizuri hata zikipata moto, ila zinachafua rimu kwa vumbi jeusi. Za tatu ni za kauri, kimya kabisa, vumbi kidogo, na akasema hizo ni za watu wanaojiheshimu. Nikamuuliza kama wa masanduku mengine hawajiheshimu. Diski nazo ziko za aina mbili, za kawaida na zenye matundu kama za magari ya mashindano. Kifungua mimba anataka za matundu, ili akasimulie shuleni.

Lakini mbona nasumbuka kuchagua kwa barua? Njoo mwenyewe, Mjomba. Safari ya basi ni ya saa tano tu, na umeniambia una nguvu za kubeba saruji. Njoo uchague, ufunge, ule, ulale, urudi. Watoto watafurahi mpaka wapasuke.

Sindano


17 Machi

Sindano,

Marahaba. Mpe Mwalimu pole ya kidole, umwambie jeki hainyanyuliwi kwa elimu.

Karatasi yako nimeipitishia kidole jioni nzima. Diski hiyo imekufa. Ina mifereji kama shamba lililolimwa, na karibu na ukingo wa nje kuna ngazi, ukucha unakwama. Angalia ubavuni mwa diski, kuna namba imechongwa, ni unene wa mwisho unaoruhusiwa. Ikifika hapo hakuna kuchonga wala kusugua, ni kutupa. Na kumbuka umenitumia uso wa nje tu. Uso wa ndani ndio wenye siri. Nahisi kaliper, ule mkono unaobana pedi, umeganda kwenye pini zake, ndiyo maana upande mmoja unaliwa kuliko mwingine. Fundi asipotoa pini hizo, akazisafisha na kuzipaka grisi yake, utanunua pedi nyingine kabla ya mwaka kuisha.

Pedi chukua sanduku la pili. Kwa mwenye kuendesha tambarare ningesema kauri, nzuri sana. Wewe una mteremko na watoto watatu, breki zako zinapata moto kila asubuhi, na pedi yenye unga wa chuma haiogopi moto. Vumbi utalifuta. Kelele kidogo isikutishe. Bora breki inayosema kuliko inayonyamaza.

Diski chukua za kawaida. Matundu ni urembo kwa gari kama lako, na urembo hupata nyufa. Hakikisha namba ya kwenye sanduku inalingana na ya gari, usikubali "hii pia inaingia". Viatu vya jirani pia vinaingia. Na ubadilishe pande zote mbili za mbele kwa pamoja, pedi nne, diski mbili, hata kama kunakolia ni kushoto tu. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Yaoshwe yaishe kabisa. Gari likishafungwa, tafuta barabara tambarare, kimbia kidogo, punguza mwendo taratibu, bila kusimama kabisa, rudia mara kumi huku ukiliacha lipoe. Pedi na diski zizoeane kwanza. Hata maharusi huanza kwa aibu.

Kuja siwezi. Mgongo unanisumbua, kuinama ni shida. Mpe Haraka kazi, lakini mpe na barua hii aisome.

Mjomba


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Watoto wazima. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu nusura lisiwe kweli.

Nilinunua kila kitu ulichosema. Nikampelekea Haraka. Barua yako aliisoma nusu, akaikunja, akasema mafundi wa zamani wanapenda kuandika. Akaweka pedi mpya kushoto tu, juu ya diski ileile ya zamani. Pini hakugusa. Pedi nyingine na diski mbili mpya akanirudishia ndani ya maboksi yake, eti upande wa kulia bado mzima, hizi nitatumia mwakani. Na mimi, mjinga mimi, nilikuwa na sare arobaini za kukabidhi mchana ule. Nikasema sawa.

Siku ya tatu, kona ya pili, punda alikuwa katikati ya barabara. Nikakanyaga. Gari likavuta kulia lenyewe, Mjomba, usukani ukanitoka mikononi, tukaenda mpaka gurudumu la mbele likaning'inia juu ya mfereji. Kitinda mimba alicheka akidhani ni mchezo. Kifungua mimba hakucheka. Tangu siku hiyo haongei asubuhi.

Najua utasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sema. Lakini wewe ulipaswa kuwepo! Mtu anabeba mifuko ya saruji mwezi wa pili, mwezi wa tatu mgongo hauwezi kuinama? Nieleze vizuri.

Sasa naliandika lile jambo. Unanichukia kwa sababu ya gari. Tulipogawana vitu vya Mama, mimi nilichukua funguo bila kukuuliza, wewe uliyelitunza miaka yote ile. Nilijua nimekosea palepale. Nilikufuata getini kukuomba radhi, nikakuita mara tatu, kwa sauti, mbele ya watu. Hukugeuka hata shingo. Ulinipa kisogo ukaenda zako. Tangu siku hiyo simu hupokei. Kama umenisusa, niambie nijue, niache kukuandikia sauti za breki kama mwendawazimu.

Mpwa wako, kama bado


9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Ni wiki ya sita sasa.

Gari nimeliegesha. Haraka alikuja kulichukua alirekebishe, nikamfungia geti. Watoto wanatembea kwa miguu, wanatoka gizagiza, na mvua imeanza. Wa katikati ana kikohozi. Nisingependa ukae ukifikiri bado tunateremka na gari lile.

Yale niliyoandika kwa hasira, mengine nilimaanisha na mengine hapana. Niambie tu uko hai.

Sindano


21 Mei

Sindano, mwanangu,

Marahaba. Mpake wa katikati mafuta ya kifua na umvalishe soksi hata akikataa. Niko hai.

Barua yako ya Aprili niliisoma nikakaa chini. Nimeandika majibu manne nikayachana. Hili la tano nitalituma kabla sijalisoma.

Sisikii, mama. Sikio la kushoto limekufa, la kulia linasikia radi, na mlango ukipigwa kwa ngumi. Miaka arobaini ya nyundo na injini, nimelipia. Ilianza kidogo kidogo, nikawa nasoma midomo ya watu na kutikisa kichwa. Unajua mtu anavyotikisa kichwa, "ndiyo, ndiyo, bila shaka," wakati hajaelewa kitu? Ndiye mimi. Walinipa kidude cha kuvaa sikioni. Kinaniletea kuku wote wa mtaa na kuninyima maneno ya watu. Simu siku ile niliona tu inawaka jina lako, nikapokea, nikasema lililonijia.

Pale getini sikukusikia. Nakuapia kaburi la dada yangu. Ungeniita mara mia ningeenda vilevile. Na gari nilitaka uchukue wewe, mama yako alishaniambia akiwa kitandani. Nilikuwa nimekwenda mbele nikusubiri barabarani nikupe jeki yake na spana zake. Nilipoona hutoki nikadhani wewe ndiye usiyetaka kuniona.

Na methali ile usinitajie tena. Asiyesikia ni mimi, la mkuu wala la mdogo.

Lakini hujaniuliza kwa nini nilifunga karakana yangu. Niliwaambia watu nimezeeka. Si kweli. Mwaka juzi mwokaji, huyu wa mkate wa dirishani, aliniletea gari lake dogo la kusambazia mikate. Nikambadilishia pedi na diski za mbele, kazi niliyoifanya mara elfu. Nikatoka nalo barabarani kulisikiliza kama kawaida yangu. Lilikuwa kimya. Nikarudi nikamsifia, nikamwambia, "Kimya kabisa, nenda kwa amani." Kimya! Bolti ya kaliper nilikuwa sijaikaza, ilikuwa inagonga ka! ka! ka! njia nzima, mtoto mdogo angeisikia. Mimi nilisifia uziwi wangu mwenyewe. Alifika sokoni, gurudumu likajifunga, akaingia kwenye ukuta. Paji la uso lilipasuka, mkono ukavunjika. Alipotoka hospitali akaja kuniambia ajali ni ajali, akaanza kuniletea mkate. Kila Ijumaa mkate ule unanikaba.

Sasa unaniambia njoo ufunge breki za gari linalobeba wajukuu watatu wa dada yangu. Ningefunga, kisha nani angesikiliza? Ndiyo maana nilikuchagulia kwa barua. Kwenye karatasi bado mimi ni fundi. Sikutaka ujue, kwa sababu ukinijua hivi ninavyojijua, sijui ningebaki na nini.

Mjomba wako


2 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo tena na tena. Wa katikati amepona, soksi kavaa kwa vita.

Nilisoma barua yako nikiwa kwenye cherehani na nikalia juu ya sketi ya mteja, ikabidi niioshe. Pole sitakuandikia, maana nakujua, utaichana. Lakini miaka miwili, Mjomba! Miaka miwili mimi nakubebea kinyongo, wewe unanibebea siri, na kati yetu kuna stempu tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kilitaka kuanza na wanangu. Hilo nalisema kwa hasira, na hasira yenyewe ni ya mapenzi, kwa hiyo ivumilie.

Nisamehe kwa yale ya getini. Ningekufuata hatua kumi zaidi nikakushika mkono, yasingekuwa yote haya. Niliona kiburi kwa sababu mwenyewe nilikuwa na kiburi.

Sasa sikia, au tuseme soma. Cherehani yangu ikiharibika huwa nainasa kwenye magoti kabla ya masikio. Inatetemeka vingine. Wewe karatasi ya penseli tu uliipitishia kidole ukajua kaliper imeganda ukiwa umbali wa saa tano. Mtu kama huyo hajaisha. Amepungukiwa kitu kimoja, na kitu hicho sisi tunacho kwa wingi. Wewe lete mikono. Masikio yapo kumi humu ndani, ingawa mawili ya Mwalimu hayasikii yakiitwa kuosha vyombo, kwa hiyo tuseme manane. Hakuna bolti itakayogonga tusiisikie.

Na ukikaza, mimi nitakaza baada yako kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine, mbele ya macho yako. Sitaendesha gari hilo mpaka uje, na wewe unajua nilivyo mbishi. Tiketi ya basi imo ndani ya bahasha, Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Kwenye kituo sitakuita. Nitakuja nikushike bega.

Sindano


30 Juni

Sindano,

Marahaba. Nimefika salama. Basi lilipata pancha mara mbili, nami nilikuwa wa mwisho kujua.

Mikono yangu bado ina harufu ya grisi na sijaiosha vizuri, kwa makusudi. Uliiona kaliper ile ya kushoto? Pini zimeganda kama meno. Na pedi ya ndani ya Haraka ilivyokwishaliwa kwa siku zile chache? Ulipotaka kumpelekea aione, ulikuwa na haki, ila nashukuru Mwalimu alikuzuia. Tulifanya vizuri kwenda kuchukua sanduku jipya la pedi nne. Zile alizoanza kuzitumia Haraka zisirudi kwenye gari, hata kwa dharura. Endelea kuangalia unene wa hizi mpya kila baada ya miezi mitatu, na oili ya breki ibadilishwe, ilikuwa nyeusi kama chai ya jana.

Ile ya kuwapa watoto kila mmoja kona yake ya gari kuisikiliza sitaisahau. Kitinda mimba na gurudumu lake la nyuma kushoto, anapiga kelele, "Langu limenyamaza, Mjomba!" huku ananionyesha kidole gumba ili nielewe. Na kifungua mimba, aliyekuwa haongei asubuhi, akiwa ameshika bega langu kutoka nyuma, ananibonyeza mara moja kila gari likipita shimo bila kugonga. Nilivua kiatu nikaweka mguu mtupu sakafuni, kiganja mlangoni. Mjukuu ananibonyeza, sakafu inaniambia hivyohivyo. Kona ya kwanza ulikanyaga, gari likakaa kwenye mstari wake. Kona ya pili ukakanyaga kwa nguvu, likakaa. Miaka miwili sijapumua vile.

Jana nimekwenda kwa mwokaji nikamwambia ukweli wote, kwamba sikuisikia ile bolti na kwa nini. Akachukua penseli aliyokuwa anaandikia oda, akaandika kwenye mfuko wa unga: "Nilijua. Kwa nini unadhani mkate nauweka dirishani, na sibishi hodi?" Tumekaa naye mpaka jua linazama, tukiandikiana kwenye mifuko.

Sasa nina ungamo dogo. Tulipofika chini ya mteremko ulisimamisha gari, ukanigeukia, ukaniambia kitu. Mimi nilikuwa naangalia mkono wako kwenye gia, midomo sikuiona. Watoto wote watatu wakanitazama. Nikafanya kama nilivyozoea, nikatikisa kichwa, nikasema, "Ndiyo, bila shaka." Watoto wakaruka juu ya kiti, kitinda mimba akaning'inia shingoni, wewe ukafuta macho. Nami nikacheka pamoja nanyi, mzee mzima. Siku mbili nzima nilizobaki pale niliona aibu kuuliza.

Nilijiapia kwamba sitadanganya tena kwa kichwa. Kwa hiyo nakuuliza: nilikubali nini?

Mjomba


8 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tumecheka mpaka Mwalimu akatoka nje. Kisha tukaacha kucheka, maana tulikuwa tumeshaanza kazi.

Nilikuuliza kama utafunga nyumba yako uje ukae na sisi. Si kwa wiki. Uje ukae. Ukajibu ndiyo, bila shaka, mbele ya mashahidi watatu, na tangu siku ile watoto wanagombana nani utamsimulia hadithi kwanza. Chumba cha nyuma Mwalimu ameondoa madaftari yake, nami nimeshona mapazia. Kando ya ukuta wa nje tumekuachia nafasi ya gari moja, yenye kivuli. Mwenye duka la spea ameshauliza mara mbili yule mzee aliyesoma diski kwa ukucha anakuja lini, ana wateja wanaomtaka.

Lakini ndiyo ile hukuisikia, kwa hiyo haikubani. Sitaki kuwa na mjomba niliyemnasa kwa mtego. Ndiyo maana nakuuliza upya, polepole, kwa wino, ili isiwepo sababu ya kutikisa kichwa: Mjomba, utakuja kuishi na sisi?

Fikiri muda unaotaka. Kama ni hapana, niandikie hapana, nami nitabaki mpwa wako na nitaendelea kukutumia karatasi za penseli. Kama ni ndiyo, usipoteze stempu. Panda basi uje, na kuku wako.

Sindano